Jebet na Chanjo Iliyo Njiani

Kazi ya Kipngeno ilikuwa kuchanja mifugo. Ofisi yake ilikuwa Lodwar, lakini siku nyingi alikuwa ndani ya gari la idara, akizunguka maboma na kasha lake la barafu. Wafugaji walimwita daktari. Yeye hakuwa daktari, ila hakuwasahihisha. Nani hukataa cheo cha bure?

Katikati ya mwaka 2012 alikuwa upande wa Lokichoggio, akichanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu. Boma lilikuwa la mzee Lomenen. Vumbi lilikuwa jingi. Vijana walishika ng'ombe pembe, Kipngeno akadunga, kisha akaweka alama sikioni. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipoona chupa tupu ya dawa chini, karibu na kigoda cha Lomenen.

"Mzee, hii ni nini?"

"Dawa," akasema Lomenen. "Ile ya kudunga. Nimedunga wale wa jana, wale wewe umechanja."

"Wanaumwa?"

"Hapana. Nataka wapate nguvu mbili. Yako na yangu."

Kipngeno alishika kichwa. "Mzee, umeharibu! Chanjo yangu ina vijidudu hai. Vimedhoofishwa, haviwezi kuua ng'ombe. Lakini lazima viishi kidogo mwilini, ndiyo mwili ujifunze kupigana. Dawa yako imeviua vyote."

"Sasa?"

"Sasa ni bure. Nitarudi kuwachanja upya."

"Hata kidogo haifai kuchanganya?"

"Hata kidogo. Chanjo na dawa havikai nyumba moja."

Kwa ng'ombe wale, na kwa chanjo ile, Kipngeno alisema kweli. Lakini yashike maneno hayo, msomaji. Yatarudi tena mbele, na yatakaribia kumuua mtu.

Nyumba ya Kipngeno ilikuwa Kakuma mjini. Mkewe, Jebet, aliuza nguo sokoni. Aliuza mitumba ya watoto na vitenge, na watu walimwita Mama Nguo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Watoto wao walikuwa wamekua na kwenda kujitafutia huko Kericho na Nakuru, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu. Kipngeno alikuja kila Ijumaa jioni na kurudi Lodwar Jumatatu alfajiri.

Karibu na meza ya Jebet aliuza Nyibol, mwanamke kutoka Sudan Kusini aliyeishi kambini. Nyibol aliuza sabuni, majani ya chai na viatu vya plastiki. Waliazimana chenji, walichekeana, na mmoja akienda kusali au kununua bidhaa, mwingine alimshikia meza.

Siku moja Nyibol aliona Jebet amejifunga kitenge cha pili kiunoni, juu ya sketi. Kesho yake akaona tena.

"Mama Nguo, siku hizi unavaa duka yote?"

Jebet hakucheka. Aliangalia kushoto na kulia, kisha akanong'ona. "Damu imerudi."

"Damu gani? Wewe si ulimaliza ile maneno ya mwezi?"

"Nilimaliza miaka miwili sasa. Nafikiri imenikumbuka."

"Haikumbuki mtu," akasema Nyibol. "Ikienda imeenda. Na mgongo? Naona unashika mgongo."

"Mgongo ni wa kuinama na mitumba."

"Na mzee akikuja?"

Jebet alielewa swali hilo. Alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Tukilala pamoja, damu inatoka. Nimemwambia ni uchovu."

"Khalas, basi," akasema Nyibol. "Funga meza. Tunaenda kwa Sista Makena."

Sista Makena alikuwa muuguzi kutoka Meru. Alifanya kazi katika kliniki ya akina mama pale Kakuma, na alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Jebet. Jebet alikuwa amemuuzia nguo za watoto wake wote. Pengine ndiyo sababu hakutaka kwenda kwake. Kumvulia nguo mtu unayemuuzia nguo si jambo rahisi.

Makena hakumwonea haya. Alifunga pazia, akamweleza kila kitu kabla ya kukifanya.

"Mama, mfuko wa uzazi una mlango. Tunauita mlango wa kizazi. Nitautazama, halafu nitaupaka siki kidogo. Kama kuna mahali pabaya, patageuka peupe. Haiumi. Ni baridi tu."

Lakini Makena alipotazama, hakuhitaji siki. Kulikuwa na uvimbe, na uvimbe ulitoa damu ulipoguswa. Alichukua kipande kidogo cha nyama, akakiweka kwenye chupa, na kikapelekwa kupimwa.

Majibu yaliporudi, Makena alimketisha Jebet na mumewe.

"Ni saratani," akasema. "Saratani ya mlango wa kizazi. Samahani sana."

Kipngeno akauliza, "Imetoka wapi?"

"Inaletwa na virusi. Virusi hivi hupita kwa tendo la ndoa, na huwapata watu wengi sana, wake kwa waume. Kwa wengi, mwili huviondoa wenyewe. Kwa wachache hukaa miaka mingi kimya, halafu vinageuza nyama ya pale. Hakuna anayejua vilipatikana lini. Kwa hiyo msikae nyumbani kulaumiana. Huo ni wakati wa kupoteza."

"Inapona?" Jebet aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya sokoni.

"Wengi hupona kama imegunduliwa kabla haijaenda mbali. Yako haijaenda mbali sana. Lakini haingoji, mama. Kila mwezi unaopita inasogea."

Daktari wa wanawake huko Lodwar alimpima Jebet tena. Alisema uvimbe umetoka kidogo nje ya mlango wa kizazi, kwa hiyo kukata peke yake hakutasaidia. Matibabu yake yangekuwa ya mionzi. Angechomwa kwa mashine karibu kila siku kwa wiki kadhaa, na mara moja kwa wiki angewekewa dawa ya mshipani, ile ambayo watu huiita kemo. Mwisho angewekewa mionzi ya ndani. Mashine hiyo haikuwepo Lodwar wala Kitale. Ilikuwa Nairobi, na foleni yake ilikuwa ndefu. Sista Makena alipiga simu nyingi mpaka Jebet akapata nafasi mwezi wa Oktoba. Kabla ya hapo, alitakiwa kuja kliniki kupimwa damu na figo.

Jebet aliogopa. Tuseme tu ukweli: aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Kule kwao alimjua mwanamke mmoja aliyechomwa mionzi, akarudi amekonda, akafa. Hakujua kwamba mwanamke yule alipelekwa hospitali amechelewa mno. Alijua tu kwamba alikwenda, akachomwa, akafa.

Sasa sikiliza kilichotokea Lodwar.

Asubuhi moja Kipngeno alikuwa ofisini akipanga sindano. Redio ilikuwa wazi. Mtangazaji akasema kwamba huko ng'ambo wataalamu wanajaribu chanjo mpya. Chanjo hiyo si ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Ni ya kumtibu mwanamke ambaye tayari anayo. Mtangazaji akaongeza kwamba katika majaribio mengine wanawake hupewa chanjo hiyo pamoja na matibabu ya kawaida.

Kipngeno aliacha sindano mezani. Chanjo! Hilo ni jambo analolijua. Chanjo ni kazi yake. Hiyo habari ya "pamoja na matibabu ya kawaida" ilipita karibu na sikio lake, haikuingia. Badala yake aliwaza kama anavyowaza akiwa bomani. Kama chanjo inakuja, basi dawa ni adui. Jebet akichomwa na akiwekewa kemo sasa, mwili wake utakuwa umechafuliwa. Chanjo ikifika, itakufa ndani yake.

Ijumaa ile aliingia nyumbani akitabasamu.

"Jebet, tusiharakishe hiyo safari ya Nairobi."

"Kwa nini, mzee?"

"Kuna chanjo inakuja. Ya kutibu ugonjwa wako. Nimesikia mwenyewe."

"Inakuja lini?"

"Iko njiani. Lakini ukienda kuchomwa saa hizi, utaiharibu. Chanjo na dawa havikai nyumba moja. Mimi hiyo ni kazi yangu, siambiwi na mtu."

Jebet alimtazama mumewe. Kwa wiki nyingi alikuwa analala akiona mashine ile ya Nairobi, ambayo hajawahi kuiona. Sasa mtu anayempenda, tena mwenye ujuzi wa chanjo, anamwambia asiende. Alihisi kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Jioni ile alipika ugali na mbuzi, na akacheka kile kicheko chake kikubwa.

Siku ya kupimwa damu ilifika. Hakwenda.

Nyibol alimwona mezani. "Leo si siku yako ya kliniki?"

"Nangoja chanjo," akasema Jebet. "Mzee amesema nisichanganye. Hata vidonge vya maumivu nimeacha. Naweka mwili safi."

"Chanjo iko wapi?"

"Iko njiani."

Nyibol alipanga upya viatu vyake vya plastiki. Miaka mingi kambini ilikuwa imemfundisha kitu kimoja kuhusu vitu vilivyo njiani. Vingine hufika, vingine havifiki, na tumbo halingoji. Hakumwambia Jebet hivyo.

Wiki iliyofuata Jebet alisimama kumpimia mteja kitenge, na damu ikamshuka mpaka kwenye kandambili. Mteja alirudi nyuma. Nyibol alivua shuka lake la begani, akamfunga, akamkalisha kwenye gunia la mitumba. Kisha akamwambia mteja aende zake, hakuna cha kutazama. Uso wa Jebet ulikuwa umepauka. Hakuweza kusimama.

"Usimwambie mtu," akasema Jebet.

"Nitaambia," akasema Nyibol. Alikuwa analia, na hasira ilikuwa ndani ya kilio hicho. "Wewe ni dada yangu hapa. Mimi nimezika watu wa kutosha njiani nikikuja hii Kenya. Sitaki kukuzika wewe na mimi nilikuwa najua."

Alimtafuta dereva wa bodaboda wa kumpeleka Jebet nyumbani polepole. Yeye akaenda kliniki kwa miguu, moja kwa moja.

Jumamosi asubuhi Sista Makena alibisha hodi. Alikuja na Nyibol. Kipngeno alikuwa ameketi nje akinywa chai. Jebet alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni, ambako kulikuwa na upepo kidogo.

"Karibuni," akasema Kipngeno. Lakini alijua wamekuja kwa nini, na uso wake ulikaza. "Sista, kama ni habari ya Nairobi, tumeshaamua."

"Nimeambiwa," akasema Makena, akivuta kiti. "Nimekuja kusikia kutoka kwako. Nieleze."

Kipngeno alieleza. Alieleza vizuri, kama mtu wa kazi. Alitaja vijidudu hai. Alitaja ng'ombe wa Lomenen na ile chupa tupu. Alitaja redio. Makena hakumkatiza hata mara moja.

"Sawa," akasema alipomaliza. "Sasa nikuulize mimi ambaye sijui ng'ombe. Ukifika bomani ukute ng'ombe tayari ana homa ya mapafu, amekonda, anakohoa, unamchanja?"

"Hapana. Chanjo ni ya mnyama mzima. Mgonjwa hachanjwi."

"Na Jebet ni mzima?"

Kipngeno alimtazama mkewe pale mkekani. Nyibol aliangalia chini ili asimwaibishe.

"Lakini redio imesema hii ni ya kutibu mgonjwa," akasema hatimaye.

"Ni kweli. Kuna chanjo za aina mbili, tusizichanganye. Moja inazuia. Inafaa wasichana wadogo kabla hawajaanza mambo ya ndoa, kabla hawajakutana na virusi. Hiyo ipo duniani, ingawa hapa kwetu bado haijafika kwa kila msichana. Haimtibu mtu ambaye tayari ana saratani. Ya pili ndiyo hiyo uliyosikia. Ya kutibu. Hiyo bado inajaribiwa."

"Inajaribiwa maana yake nini?" akauliza Jebet kutoka mkekani.

Makena aligeuza kiti amtazame. "Maana yake, mama, hakuna hospitali inayoitoa kama dawa ya kawaida. Si Nairobi, si ng'ambo. Wanawake wachache wanapewa, kwa hiari yao, wataalamu wakiangalia kama inasaidia na kama ina madhara. Labda itasaidia. Labda haitasaidia. Inaweza kuchukua miaka mingi kabla hatujajua."

"Miaka?" akasema Jebet. Alijiinua kwa kiwiko. "Mzee, si ulisema iko njiani?"

Kipngeno aliweka kikombe cha chai chini.

"Nitawaeleza hivi," akasema Makena. "Wewe Kipngeno unalala maboma mengi. Fisi akiingia bomani usiku, nani anamgundua?"

"Mbwa."

"Na wakiingia fisi wengi?"

"Mbwa peke yake hawezi. Watu wanatoka na rungu. Wanapiga, wanafukuza."

"Halafu?"

"Halafu mbwa anatafuta yule aliyebaki amejificha."

"Sasa saratani ya Jebet ni fisi wengi. Mionzi na kemo ni watu wenye rungu. Wanapiga fisi wengi kadiri wanavyoweza. Hiyo chanjo ya kutibu ni mbwa. Kazi yake ni kuufundisha mwili harufu ya ugonjwa, ili askari wa mwili wamtafute yule fisi mmoja aliyebaki. Ndiyo sababu wataalamu wanaijaribu pamoja na matibabu. Kila mmoja na kazi yake. Haijaletwa kuchukua nafasi ya rungu."

"Na dawa haimuui mbwa?" akauliza Kipngeno. Safari hii hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua.

"Swali lako ni zuri, tena sana. Hata wataalamu wanajiuliza. Kemo inaweza kuwachosha askari wa mwili kwa muda. Kwa hiyo wanachunguza itolewe lini, kabla, katikati au baada, na kwa kiasi gani. Lakini chanjo hii si ile yako ya ng'ombe, na mionzi na kemo si ile dawa ya Lomenen ya kuua vijidudu. Kanuni yako ni ya kweli pale bomani. Umeibeba tu ukaileta mahali ambapo si pake."

"Kwa hiyo akitibiwa sasa, hajaziba njia?"

"Mtu aliyetibiwa akapona hahitaji njia nyingine. Na hata kama siku moja chanjo hiyo itathibitika, itamkuta Jebet akiwa hai. Ukimngojesha, haitamkuta." Makena akamalizia yaliyobaki. "Bwana Kipngeno, huyo mbwa bado anafundishwa. Hatujui hata kama atang'ata. Na wewe umewaambia watu waweke rungu chini, wamngoje."

Kipngeno alisimama. Alikuwa na hasira, lakini hakujua ni ya nani. Alikwenda mpaka kwenye ua, akashika mti wa ua kwa mikono miwili. Nyibol alitaka kumfuata, Makena akamzuia kwa mkono.

Aliyesema kwanza ni Jebet.

"Mzee, rudi ukae. Si wewe peke yako." Kipngeno aligeuka. "Mimi niliogopa ile mashine. Uliposema chanjo, nikafurahi. Ungeniambia kuna maji ya mto yanatibu, ningefurahi vilevile. Sikuuliza kwa sababu sikutaka jibu. Lakini juzi sokoni nimeona damu yangu kwenye mchanga. Mimi nakwenda Nairobi. Ukinisindikiza nitashukuru. Usiponisindikiza, nitakwenda na Nyibol."

"Mimi siruhusiwi kutoka kambi bila karatasi," akasema Nyibol.

"Basi nitakwenda peke yangu!"

Ilikuwa sauti ya sokoni. Kipngeno aliisikia, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Nafasi yake bado ipo?" akamuuliza Makena.

"Ya Nairobi ipo, Jumatano ijayo. Lakini bado hajapimwa damu na figo, na damu amepoteza nyingi. Kliniki leo iko wazi mpaka saa saba. Huenda akahitaji kuongezwa damu kabla ya safari. Na hivyo vidonge vya maumivu, mama, uvimeze. Hakuna tuzo ya kuvumilia."

Saa ile ile waliondoka. Kipngeno alimbeba mkewe mpaka barabarani, na majirani wakatazama. Acha watazame. Kliniki walimpima, wakaona damu ni kidogo, wakampeleka Lodwar akaongezewa. Siku iliyofuata walipanda basi la Kitale. Barabara ile ni mbaya kila mtu anajua, na Jebet alikalia mito miwili ya kitanda na bado aliumia kila shimo. Jumatano asubuhi walikuwa kwenye benchi la hospitali Nairobi.

Mashine haikuwa kama alivyoiota. Haikumuunguza kwa moto. Alilala juu ya kitanda chembamba, mashine ikazunguka, ikanguruma kidogo, akaambiwa ashuke. Siku ya kwanza aliuliza, "Imekwisha?" Fundi wa mashine akasema, "Ya leo imekwisha."

Lakini si kwamba ilikuwa rahisi. Wiki ya tatu alianza kuharisha. Ngozi ya tumbo chini ikawa nyeusi na kuwasha. Siku za kemo alitapika, na harufu ya chai ilimchukiza, yeye ambaye hakuweza kufungua meza bila chai. Alichoka mpaka kusema kulimchosha. Wahudumu walimpa dawa ya kichefuchefu na wakamwambia anywe maji mengi. Walimpima damu kila wiki. Wiki moja damu ilikuwa chini, wakaahirisha kemo, wakaendelea na mionzi. Jebet alilia siku hiyo kwa sababu alitaka kumaliza. Mwisho aliwekewa mionzi ya ndani. Hiyo hakutaka kuisimulia, ila alisema alivumilia.

Kipngeno alichukua likizo. Walikaa kwa binamu yake. Alipika uji, alifua, alijifunza kumsuka mkewe nywele vibaya. Jebet alimwambia, "Rudi kwa ng'ombe wako, hao hawalalamiki." Lakini hakutaka aondoke, na hakuondoka.

Mwezi wa Desemba walirudi Kakuma. Jebet alikuwa amekonda mno. Nyibol alipomwona alipiga kigelegele, kisha akalia, kisha akamwambia kwamba meza yake imeuza vizuri kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa akiuza.

Kuna jambo lingine Nyibol alilifanya wakati Jebet hayupo. Siku moja alirudi kwa Sista Makena. Hakuwa anaumwa popote. Alisema tu, "Nipake hiyo siki." Siki ilionyesha doa dogo jeupe. Makena alimweleza kwamba si saratani, ni mahali ambapo pangeweza kugeuka saratani baada ya miaka. Aliligandisha kwa chombo cha baridi kali siku ileile, na Nyibol akarudi mezani kwake siku ya pili. Hivyo ndivyo kupimwa mapema kulivyo. Kazi ya Jebet ilichukua miezi, ya Nyibol ilichukua asubuhi moja.

Mwaka 2013, mvua ndefu zilipopita, Jebet alikwenda kupimwa. Daktari alimwangalia, akapima, akaangalia tena.

"Sioni uvimbe," akasema. "Lakini hatumalizani leo. Utakuja kila baada ya miezi mitatu. Ugonjwa huu ukirudi, nataka mimi niuone kabla yako."

"Nitakuja," akasema Jebet. "Hata ukinichoka."

Miezi mitatu baadaye Kipngeno alirudi kwenye boma la Lomenen. Alichanja ng'ombe, akaweka alama. Kabla ya kufunga kasha lake alitazama chini. Hakukuwa na chupa.

"Ejok, ni sawa, daktari," akasema Lomenen. "Mimi sijachanganya. Na mama? Nilisikia alikuwa mgonjwa."

"Amepata nafuu. Alichomwa mionzi, akawekewa dawa, vyote kwa pamoja."

Lomenen alitoa macho. "Kwa pamoja? Si wewe ndiye ulisema hata kidogo haifai?"

"Nilisema kwa ng'ombe, mzee. Nikataka kumtibu mke wangu kama ng'ombe wako."

Lomenen alicheka mpaka kigoda kikataka kuanguka. Kipngeno alimwacha acheke, kisha akamuuliza wake zake wana umri gani, na kama wamewahi kwenda kliniki kupakwa siki. Lomenen aliacha kucheka, wakazungumza mpaka jua likapinda.

Ijumaa ile Kipngeno alifika nyumbani, akamkuta Jebet na Nyibol wanakunja mitumba uani. Redio ilikuwa wazi. Mtangazaji akaanza tena kuzungumza juu ya saratani na ile chanjo ya kutibu, kwamba majaribio yanaendelea. Kipngeno aliongeza sauti, akasimama kusikiliza. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamesema nini?" akauliza Jebet.

"Wamesema bado wanajaribu. Na wamesema wanaitoa pamoja na matibabu."

Jebet alikunja gauni dogo la mtoto, akaliweka juu ya mengine.

"Wamfundishe vizuri huyo mbwa wao," akasema. "Kuna wanawake watamhitaji. Mimi fisi wangu walipigwa kwa rungu, na Jumanne nakwenda kliniki kuangalia kama wameacha nyayo. Nyibol, utanishikia meza?"

"Nitakushikia," akasema Nyibol. "Lakini bei ni yangu."